Mgeni Aliyepewa Jembe

Siku hizi ukisema unarambaza, watu wanajua uko kwa simu, unatoka ukurasa huu unaingia ule. Lakini neno lenyewe ni la wavuvi. Mvuvi anayerambaza hatii nanga. Anaachilia mshipi ukokotwe nyuma ya chombo, chambo kikicheza majini kama samaki mdogo aliyepotewa na kundi lake, na chombo kinaenda pole pole mpaka kitu kiume. Ni uvuvi wa kungoja ukiwa mwendoni.

Uvuvi huu una msimu wake mkubwa kusini mwa Ziwa Michigan, Marekani, kila mwaka barafu ikishayeyuka. Mwezi wa tatu na wa nne, maji ya kina kifupi ya ufuo wa kusini hupata joto kabla ya sehemu nyingine za ziwa. Viumbe wadogo hufuata joto, na samoni wa aina ya koho hufuata chakula. Kwa hiyo kwa wiki chache samaki ambao mwaka mzima wametapakaa katika ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 500 hujazana karibu na nchi kavu, kuanzia Chicago, kupitia viwanda vya chuma vya Gary, hadi Michigan City. Mtu mwenye kiboti kidogo, ambaye hangethubutu kwenda katikati ya ziwa, anawafikia. Boti huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mishipi hufungwa vibao vilivyochongwa kimshazari, ili maji yavisukume pembeni, mbali na boti, kwa sababu samaki wa maji mafupi huogopa kivuli na kelele za injini. Chambo ni kidogo, mara nyingi cha rangi ya chungwa au nyekundu. Koho wa majira hayo si mkubwa, kilo moja au mbili hivi, lakini walaji wake wanamsifu kuliko yule mkubwa wa baadaye mwakani.

Ukimuuliza mtu aliyekulia pale, atakwambia hii ni mila ya nyumbani. Alifundishwa na babake, na babake alifundishwa na babu. Na hapo hesabu inagoma kwenda mbele, maana kabla ya mwaka wa 1966 hakukuwa na koho wa kuvua katika ziwa hilo. Samoni huyu ni wa Bahari ya Pasifiki. Kati ya bahari ile na Ziwa Michigan kuna milima ya Rocky na nusu ya bara zima. Hakuogelea akafika. Aliletwa.

Sasa, kuna watu watasema: so what? Samaki ni samaki, mwache mtu ale. Mimi nadhani hapo pana swali ambalo linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuona samoni nje ya friji ya supamaketi. Kitu kilichoanzishwa kwa uamuzi wa wachache, kikaja kupendwa na wengi, kinakuwa halali lini? Kupendwa kunatosha? Muda unatosha?

Tuanze na jinsi alivyoletwa, kwa sababu stori yenyewe haina shetani wa wazi.

Bwana mkubwa wa Ziwa Michigan zamani alikuwa trauti wa ziwa, samaki wa asili anayekua taratibu na kuishi miaka mingi. Kisha kukaja mfereji wa Welland, uliochimbwa ili meli zipite kando ya maporomoko ya Niagara. Meli zilipita, na lampri naye akapita. Huyu ni kiumbe kama mkunga, asiye na taya, anayejibandika kwenye ubavu wa samaki mwingine na kumfyonza damu. Mnamo 1936 alionekana Ziwa Michigan. Trauti, ambaye tayari alikuwa amevuliwa kupita kiasi, hakuhimili mapigo mawili kwa pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa ametoweka katika ziwa hilo.

Nyumba ikikosa mwenyewe, panya hutawala. Dagaa mmoja kutoka Atlantiki, alewaifu, naye alikuwa amepita njia ile ile. Aliingia Ziwa Michigan mwaka wa 1949, akakuta hakuna wa kumla. Akazaana mpaka ziwa likawa lake. Mwaka wa 1967 walikufa kwa wingi usioelezeka. Fuo za Chicago zilifunikwa na mizoga, na tingatinga zikaletwa kuizoa. Hebu fikiria mji mkubwa namna ile unaamka kiangazi na kunuka samaki aliyeoza, wiki baada ya wiki.

Katikati ya hayo, mwaka wa 1964, mwanasayansi Howard Tanner alipewa kuongoza idara ya samaki ya jimbo la Michigan. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumrudisha trauti wa asili, kazi ambayo serikali kuu ilikuwa inaianza. Hiyo ilikuwa njia ndefu, kwa sababu trauti huchukua miaka mingi kukomaa. Ya pili ilikuwa kuleta mlaji mpya: mkali, mwenye haraka, anayependa maji ya wazi ambako alewaifu walikuwa wanaishi. Jimbo la Oregon lilikuwa na mayai ya ziada ya koho. Tanner akapata mayai milioni moja. Yakaanguliwa, na masika ya 1966 samoni wachanga wakaachiliwa mitoni. Mwaka uliofuata aliongeza chinuki, ambaye ndiye mkubwa kuliko samoni wote.

Kilichotokea kilikuwa kama muujiza. Vuli ya 1967 koho walirudi mitoni wakiwa wamenona. Watu waliacha kazi, wakafunga safari za usiku kucha, hoteli zikajaa, boti zikauzwa zikaisha. Wengine walikwenda na viboti visivyofaa, na mnamo Septemba dhoruba ikaua baadhi yao. Hata hiyo haikupunguza shauku. Miji ya ufuoni ambayo ilikuwa inakufa ikapata kazi: manahodha wa kukodisha, maduka ya chambo, mikahawa. Alewaifu wakapungua. Fuo zikawa safi tena.

Sasa niambie, ubaya uko wapi?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Samoni alipewa jembe siku ya kwanza, na akalima kweli. Kama kipimo cha uenyeji ni kazi, basi huyu ni mwenyeji kuliko wengi. Tena leo sehemu kubwa ya chinuki wa Ziwa Michigan wamezaliwa mitoni kule kule, bila kuanguliwa na mtu. Utamwita mgeni samaki ambaye yeye na mzazi wake na mzazi wa mzazi wake walizaliwa Michigan?

Mimi nakubali hoja hiyo. Ninachokataa ni kwamba inamaliza mjadala. Methali inazungumzia mgeni na jembe, lakini haitaji kitu cha tatu, yaani shamba. Jembe lilitolewa na nani, na shamba lilikuwa la nani?

Mwaka wa 1836 watu wa Odawa na Ojibwe walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Waliachia ardhi ambayo leo ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo la Michigan. Walivua katika maziwa yale kabla ya mkataba na waliendelea baada yake, kwa nyavu, na samaki wao walikuwa trauti na samaki-mweupe wa asili. Samoni alipokuja, jimbo lilikuwa limeamua kwamba ziwa ni la burudani. Mvuvi wa kuthaminiwa akawa mtu wa fimbo na leseni, anayelipa hoteli na petroli. Mvuvi wa nyavu, awe mzungu au Mwojibwe, akaonekana kikwazo. Wavuvi wa kienyeji wakakamatwa na kushtakiwa kwa kuvua katika maji ambayo babu zao walivua. Kesi ikafika mahakama ya serikali kuu, na mwaka wa 1979 Jaji Noel Fox akaamua kwamba haki yao ya kuvua haikuwahi kuuzwa. Ilikuwa bado mikononi mwao.

Uamuzi huo haukupokelewa kwa vigelegele. Wavuvi wa burudani wengi walikasirika, na wavuvi wa kienyeji wakatishwa na kuharibiwa vifaa. Walilaumiwa kwamba nyavu zao zinamaliza samaki wa watu. Tafakari hapo kidogo. Jamii iliyokuwa ziwani kwa karne nyingi inaambiwa inaharibu mila, na mila yenyewe haikuwa imefikisha hata miaka 15.

Hicho ndicho kinachonisumbua kuhusu kupenda kitu. Upendo wa wale wavuvi haukuwa wa uongo. Mtu aliyemfundisha mwanawe kushika fimbo alfajiri ya baridi, wakatetemeka pamoja, wakacheka, huyo anapenda kweli. Lakini upendo ukishakaa vizuri huanza kujiona ndio mwanzo wa dunia. Unasahau kwamba kuna mtu alisogezwa ili nafasi ipatikane.

Kuna kinaya kingine, na hiki ni cha kiutendaji. Samoni aliletwa amle alewaifu, mdudu aliyechafua fuo. Lakini samoni akishazoeleka, alewaifu naye anageuka wa thamani, kwa sababu bila yeye samoni hana chakula. Miaka ya karibuni kome wadogo aina ya kwaga, walioletwa na maji ya kusawazishia meli, wamechuja ziwa mpaka viini vya chakula vimepungua na alewaifu wamekonda. Mnamo 2013 majimbo yanayozunguka Ziwa Michigan yalipunguza sana idadi ya chinuki wanaoachiliwa, ili alewaifu wasiishe. Yaani yule balaa wa 1967 sasa analindwa. Na ulipozuka ubishi wa nani apunguzwe zaidi, wavuvi wengi wa burudani walisema apunguzwe trauti wa asili, abaki samoni.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, vuka uende Ziwa Huron, jirani yake. Huko alewaifu waliporomoka mwaka wa 2003 na 2004, na chinuki wakawafuata. Miji iliyoishi kwa samoni ilipata pigo. Maduka yalifungwa, manahodha wakauza boti. Lakini chini ya maji kulitokea jambo jingine. Alewaifu hula vifaranga vya samaki wengine, na mwili wake una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, hivyo trauti anayemla hutaga mayai ambayo watoto wake hufa mapema. Alipoondoka, trauti wa asili walianza kuzaa tena wenyewe, kwa mafanikio ambayo hayakuwa yameonekana kwa miaka mingi. Kumbe hawakuwa wameshindwa na ziwa. Walikuwa wamekosa nafasi.

Kwa msomaji wa Kisumu au Homa Bay, stori hii inafanana na nyingine iliyo karibu zaidi na sahani yake. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, kutoka upande wa Uganda. Hoja ilikuwa ile ile kabisa: ziwa limejaa fulu, visamaki vidogo vyenye miiba, visivyo na bei, tulete mlaji mkubwa avigeuze kuwa nyama ya maana, na watu wa burudani wapate samaki wa kupigana naye. Wanasayansi wengine walionya. Mjadala ukiwa bado haujaisha, samaki alishaonekana ziwani.

Miaka ya 1980 mbuta alilipuka. Fulu, ambao walikuwa wa mamia ya spishi zisizopatikana popote pengine duniani, walipotea kwa kasi ambayo wanabiolojia bado wanaizungumzia kwa huzuni. Viwanda vya kukata minofu vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, pesa zikaingia. Na wenyeji wa ufuoni wakabaki na mgongo wazi, yaani mfupa na kichwa baada ya minofu kuondoka, ukikaangwa na kuuzwa sokoni. Jina lenyewe lina uchungu na ucheshi kwa pamoja. Mtu anakula mgongo wa samaki ambaye ubavu wake uko hotelini, ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo, leo nenda ukatangaze kwamba mbuta aondolewe ziwani, uone kama utafika stendi salama. Kuna karo za shule zilizolipwa na mbuta. Kuna nyumba za mabati zilizosimama kwa sababu yake. Katika hili wa Kisumu na wa Michigan City wangeelewana bila mkalimani.

Basi tufanye nini na vitu vya aina hii, ambavyo asili yake ina kasoro na matunda yake ni chakula chetu?

Jibu la kwanza ambalo watu hukimbilia ni la aliyetangulia: wa asili ndiye mwenye haki, aliyeletwa aondoke. Linavutia kwa sababu ni safi. Lakini sisi Wakenya tunajua vizuri maneno haya ya mgeni na mwenyeji yanavyonuka yakitolewa majini na kuletwa kwa watu. Tumeona majirani wakiambiwa warudi walikotoka, katika nchi moja, na tumeona kilichofuata. Hata kwa samaki, jibu hili linamuadhibu asiyehusika. Koho hakuomba kuwekwa ndani ya lori la matangi.

Jibu la pili ni la aliyezoeleka: yaliyopita si ndwele, kilichopo kipo, tugange yajayo. Hili linapendwa sana na wanaofaidika. Kasoro yake ni kwamba linamtuza anayefanya haraka. Ukileta samaki leo bila kuuliza mtu, ukavumilia kelele kwa miaka 20, watoto wako watakuwa na mila na wajukuu wako watakuwa na haki. Kwa mantiki hiyo, kuuliza ruhusa ni ujinga. Bora uanze, wakukute umeshamaliza.

Mimi naona swali la nani alitangulia linatupeleka mahali pabaya, na swali la nani amezoeleka linatulaza usingizi. La maana zaidi ni hili: nani aliamua, nani alilipa, na je, anayelipa leo ana kiti mezani?

Ukiuliza hivyo, mambo yanakaa tofauti. Mvuvi wa Aprili pale Gary hana hatia. Hakuleta samaki, hakuchimba mfereji. Lakini kutokuwa na hatia na kutokuwa na deni ni vitu viwili. Ukirithi nyumba kwa babako, kisha ukagundua ilijengwa juu ya kipande cha jirani, hukuiba wewe. Ila huwezi pia kujifanya hujui mpaka uko wapi. Unadaiwa kitu, hata kama kitu chenyewe si kubomoa.

Deni hilo lina sura gani? Kwanza, ni kusema stori yote. Mtoto anayefundishwa kurambaza afundishwe pia kwamba samaki huyu alikuja mwaka gani, na kwamba kabla yake kulikuwa na mwingine. Kumbukumbu haigharimu pesa, ndiyo maana kukosekana kwake hakuna kisingizio. Pili, ni kuacha nafasi. Ikifika siku ya kuchagua kati ya samoni wengi zaidi na trauti kupata upenyo wa kuzaa, mtu anayejua deni lake hatapiga kura kana kwamba hesabu inaanzia 1966. Tatu, na hili ndilo gumu, ni kukubali kwamba mapenzi yako ni sauti moja tu. Waodawa na Waojibwe wana sauti. Mama anayeuza mgongo wazi ana sauti. Hata kizazi ambacho hakijazaliwa, kitakachokuta ziwa kama tulivyoliacha, kingekuwa na la kusema.

Najua mtu atauliza: haya yote si ni kumnyima mtu raha yake? Anatoka kazini amechoka, anataka asubuhi moja ya maji na ukimya, wewe unamletea mkataba wa 1836. Ni kweli, maarifa hupunguza aina fulani ya raha, ile ya mtu anayeamini dunia ilitandikwa kwa ajili yake. Lakini kuna raha nyingine inayobaki. Samaki akiuma, mshipi unatikisika vile vile. Nyama yake ni tamu vile vile. Tofauti ni kwamba sasa unajua unakula kwa nani, na mtu anayejua anakula kwa nani huosha mikono, hushukuru, na hamalizi sufuria.

Tena kuna faida ya kivitendo kwetu sisi vijana wa mjini, tunaoishi ndani ya maamuzi ya watu wengine kutwa kucha. Barabara mpya, bwawa jipya, mradi mpya wa ufuoni: kila mara tunaambiwa tungoje tuone matunda. Na matunda mara nyingi huja kweli. Hilo ndilo linalotuchanganya. Koho walikuja. Mbuta walikuja. Kazi zilikuja. Ndiyo maana hoja ya kwamba jambo limefanikiwa haiwezi kuwa jibu la swali la kwamba watu waliulizwa. Ni maswali mawili, na kila moja linadai jibu lake.

Kila mwaka wakuu wa majimbo yanayozunguka Ziwa Michigan hukaa na kuamua ni samoni wangapi wataachiliwa. Ni uamuzi wa wanadamu, unaofanywa upya, kuhusu ziwa litakuwa la nani. Koho wa masika huishi miaka mitatu tu, nusu ya maisha yake katika matangi na nusu ziwani, kisha anapanda mto, anazaa, anakufa. Wale wanaovuliwa Aprili hii hawatakuwepo Aprili ijayo. Wakiwepo wengine, itakuwa ni kwa sababu mtu ameamua tena, na mara hii anajua anachoamua.